Umeachiwa nyumba, mwenyewe yuko nje: jinsi ya kuitunza hadi arudi

Ukipita Goba, Bunju, Mbezi Beach au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, utaona mageti ambayo hayafunguliwi mara kwa mara. Ndani kuna mtu mmoja tu: mpwa, shangazi, jirani mwenye funguo, au kijana aliyeajiriwa kulinda. Mwenye nyumba yuko Muscat, London au Houston, na mwaka huu harudi. Mwongozo huu ni wa huyo aliyebaki na funguo, ingawa mwenye nyumba akiusoma kabla ya kupanda ndege itamfaa zaidi.

Mtu akiachiwa nyumba, wa kwanza kumfikiria ni mwizi. Ni kweli yupo. Lakini nyumba nyingi nilizoziona zimeharibika zikiwa tupu ziliharibiwa na maji, mchwa na hewa iliyofungiwa ndani. Na undugu wa mwenye nyumba na mwangalizi, pale ulipovunjika, ulivunjwa na pesa ambazo hazikuandikwa popote. Mambo hayo mawili, maji na pesa, ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

Hatua ya 1: Zungukeni nyumba pamoja kabla hajaondoka

Msiagane sebuleni. Tembeeni chumba kwa chumba, wewe na mwenye nyumba, huku mmoja anarekodi video kwa simu. Kila ufa, kila taili lililopasuka, kila doa la dari, liseme kwa sauti kwenye video. Hii inakulinda wewe. Akirudi baada ya miaka mitatu akaona taili la bafuni limepasuka, hakuna atakayebishana kama lilikuwa hivyo au la.

Akuonyeshe pia vitu ambavyo mtu hujua tu kwa kuishi kwenye nyumba: koki kuu ya maji iko wapi, meni swichi iko wapi, tundu la kupandia darini liko chumba gani, mifuniko ya chemba iko sehemu gani ya uwanja, na mawe ya mipaka ya kiwanja yako kona zipi. Hayo mawe yapige picha na kitu cha kudumu kikionekana nyuma yake, kama nguzo ya umeme au kona ya nyumba ya jirani. Miji yetu inajengwa kila siku, na jirani mpya anayeinua fensi hana mtu wa kumuuliza mpaka uko wapi isipokuwa wewe.

Mwisho, someni mita zote mbili, ya maji na ya umeme, muandike namba na tarehe.

Hatua ya 2: Karatasi

Hata kama mwenye nyumba ni mama yako mdogo, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha, uwe na majina yenu, nyumba ilipo, tarehe ya kuanza, na maneno yanayosema wazi kwamba unakaa hapo kwa ruhusa ya mwenye nyumba ili kuitunza. Maneno hayo yana uzito kwa pande zote mbili. Kwa Tanzania, Sheria ya Ukomo wa Muda inampa mtu miaka 12 kufungua madai ya kurejesha ardhi yake, baada ya hapo amechelewa, na ndiyo maana wenye nyumba walio nje kwa muda mrefu hupata wasiwasi. Anayekaa kwa ruhusa iliyoandikwa hahesabiwi kuwa amevamia, na mwenye nyumba naye analala usingizi.

Kwenye karatasi hiyo hiyo, malizeni maswali ambayo watu huona aibu kuyauliza. Unaruhusiwa kumleta mkeo au mumeo? Mdogo wako akija kusoma mjini anaweza kulala chumba cha uani? Kuku je? Gari likipaki uani linatumika au haliguswi? Chumba kipi kinafungwa kabisa? Na jambo moja lisiachwe hewani: kupangisha chumba bila mwenyewe kujua ni kuvunja amana. Kama kuna haja ya mpangaji, mwenyewe aseme, na kodi iingie kwenye hesabu yake.

Kisha nendeni kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkajitambulishe, ikiwezekana mkiwa wote wawili. Siku polisi wakikukuta unaingiza tangi saa mbili usiku, au fundi akianguka kwenye paa, au jirani akiuliza wewe ni nani, mtaa utakuwa unakujua. Mtaa pia ndio hupokea matangazo yanayohusu nyumba: michango ya ulinzi shirikishi, upimaji, barabara mpya.

Hati ya nyumba usiipokee. Iwe benki, kwa wakili, au kwa ndugu mwingine. Mwangalizi mwenye funguo na hati kwa pamoja anajiweka kwenye kishawishi na kwenye lawama, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Na kama mwenye nyumba anataka kukupa hati ya uwakilishi ili uweze kushughulikia mambo ya maji, umeme na serikali, iandikwe hivyo hivyo, kwa mambo hayo tu. Ya kuuza au kuweka rehani ni habari nyingine kabisa.

Kama nyumba ina bima, mwambie mwenyewe asome sharti la nyumba isiyokaliwa. Bima nyingi hupunguza kinga nyumba ikikaa tupu siku nyingi mfululizo, kwa hiyo kampuni ijulishwe kwamba kuna mwangalizi.

Hatua ya 3: Maji yanayotoka kwenye bomba

Kama hakuna anayelala kwenye nyumba na wewe unakuja tu mara kwa mara, funga koki kuu kila unapoondoka. Bomba likipasuka juu ya dari Jumatatu, na wewe unakuja Jumamosi, hakuna fundi atakayekurudishia dari hiyo.

Kama unaishi hapo, fanya jaribio hili kila mwezi. Funga koki zote za ndani, hakikisha tangi limejaa, kisha nenda kwenye mita. Kwenye uso wa mita kuna kigurudumu kidogo, mara nyingi chekundu au cheusi, chenye umbo la nyota au pembetatu. Kiangalie dakika tano bila haraka. Kikiwa kimetulia, hakuna kinachovuja. Kikizunguka hata polepole, funga koki inayoingiza maji kwenye tangi uangalie tena. Kikisimama, tatizo liko upande wa tangi, na mara nyingi ni boya limechoka, kwa hiyo maji yanamwagika juu bila mtu kusikia. Kikiendelea kuzunguka, kuna bomba limepasuka chini ya ardhi kati ya mita na tangi. Tafuta sehemu ya uwanja ambayo nyasi zimekuwa za kijani kuliko kwingine.

Choo nacho huvuja kimyakimya. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashia, usiflashi, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, mpira wa ndani umeisha. Ni mpira wa bei ndogo, na ukiachwa utaongeza bili ya maji ya nyumba ambayo haina mtu.

Vyoo na mabafu yasiyotumika yana shida nyingine. Chini ya kila sinki na kila tundu la bafuni kuna maji kidogo yanayokaa kwenye kona ya bomba, na hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende wa chemba kupanda ndani. Maji hayo hukauka. Kila wiki mbili mimina lita moja au mbili kwenye kila tundu la maji machafu, na kwa bafu ambalo halitaguswa muda mrefu ongeza kijiko cha mafuta ya kula juu yake, yanachelewesha kukauka. Watu huja wakasema nyumba inanuka kwa sababu imefungwa. Mara nyingi ni hizi kona za mabomba zimekauka.

Usiache maji wazi popote: ndoo, matairi, visahani vya maua, mfuniko wa tangi uliopasuka, bakuli la choo kisichotumika ambalo halijafunikwa. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu wake, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo na huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, sugua chombo kwa brashi.

Pampu ya maji isiwashwe kabla hujahakikisha ina maji ya kuvuta. Ikizunguka kavu inaungua.

Hatua ya 4: Maji yanayotoka juu

Kalenda ya nyumba ya pwani ni mvua. Vuli huanza kwenye Oktoba, masika kwenye Machi. Kwa hiyo Septemba na Februari ni miezi yako ya kupanda juu, au kumpandisha fundi, kusafisha mifereji ya paa. Kama kuna mwembe au mkungu karibu, fanya pia katikati ya msimu, maana majani yanayoziba ni yale yanayoangushwa na mvua ya kwanza.

Nyumba za kisasa zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinahitaji jicho la ziada. Kutoka chini zinapendeza, lakini maji yote ya paa yanategemea matundu machache kwenye mfereji wa ndani. Mfuko mmoja wa plastiki uliopeperushwa na upepo ukiziba tundu hilo, mfereji unageuka bwawa, na bwawa hilo lina njia moja tu ya kushuka: ndani ya ukuta wako. Nyumba ya namna hii panda juu baada ya kila mvua kubwa. Naona ni gharama ambayo wenye nyumba hawaambiwi wanapochagua ramani.

Siku ya mvua kubwa ya kwanza, tembea kila chumba na tochi, hata vile vilivyofungwa. Ukiona doa kwenye dari, chukua penseli, fuata ukingo wake wote kwa mstari mwembamba, andika tarehe pembeni. Mvua inayofuata rudi uangalie. Doa likiwa ndani ya mstari, huenda ni la zamani. Likivuka mstari, paa linavuja sasa hivi, na una picha mbili za kumwonyesha fundi na mwenye nyumba. Dari ya jipsamu ikianza kutoa tumbo, toa vitu vyote chini yake siku hiyo hiyo, haitachukua muda kuanguka.

Hatua ya 5: Hewa, mchwa na wageni wengine

Fungua madirisha na milango ya ndani angalau mara mbili kwa wiki, siku kavu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Siku ya mvua au ya unyevu mzito usifungue, utakuwa unaingiza kile unachotaka kutoa. Fungua pia kabati, droo na milango ya makabati ya jikoni. Viatu vya ngozi, mikoba na nguo za sherehe ndivyo vinavyoshikwa na ukungu kwanza. Vitoe vipate upepo kivulini. Magodoro yasimame, yasilale.

Friji, kama haitumiki, izimwe, isafishwe, ikaushwe, na mlango uachwe wazi kwa kuweka kitambaa kilichokunjwa. Friji iliyofungwa ikiwa na unyevu ndani hutoa harufu ambayo haiondoki.

Kwa mchwa, sogeza samani zote mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Maboksi ya makaratasi na vitabu visikae sakafuni kabisa. Kila mwezi pita na tochi kwenye fremu za milango, nyuma ya makabati, na kwenye pembe ambapo ukuta unakutana na sakafu. Unatafuta njia nyembamba za udongo, unene wa penseli. Ukiikuta, bomoa kipande kidogo katikati tu, usiifute yote. Rudi baada ya siku tatu nne. Kipande kikiwa kimezibwa upya kwa udongo mbichi, mchwa wapo kazini na unahitaji mtu wa dawa haraka. Kikiwa bado wazi, bado ingia darini ukague kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyoliwa inasikika tupu.

Nyuki wakihamia darini usiwachome moto wala usiwapulizie dawa ya mbu, mwite anayefuga nyuki. Popo na panya, ziba matundu kwa wavu wa chuma baada ya kuhakikisha wametoka. Nyasi zikatwe fupi, hasa zinazogusa ukuta. Kuna sababu ya nyoka, na kuna sababu ya watu: nyasi ndefu zinamwambia kila apitaye kwamba hapa hakuna mwenyewe.

Chumvi ya bahari inakula chuma. Vitasa, bawaba, kufuli za geti na reli za madirisha ya aluminiamu zipate mafuta kila baada ya miezi mitatu, na kutu ya grili isuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu ingali ndogo.

Hatua ya 6: Umeme, gari na mashine

Chomoa kila kisichotumika. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, televisheni iliyochomolewa haiungui. Acha taa za nje na moja ya ndani, na usiiache ikiwaka mchana kutwa, maana taa inayowaka saa sita mchana inatangaza kwamba nyumba haina mtu.

Usiache LUKU (umeme wa kulipia kabla) iishe kabisa, hata nyumba ikiwa tupu. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU mwezi kwa mwezi. Nyumba isiyonunua umeme haijasamehewa, deni linajikusanya, na siku ukinunua litakatwa kwanza. Kwa hiyo ukiweka pesa baada ya miezi mingi ukapata uniti kiduchu, usimgombeze wakala. Soma ujumbe wa risiti, makato yameandikwa. Mweleze na mwenye nyumba, asije akadhani umekula.

Kuna jambo lingine kwa nyumba zilizofungwa muda mrefu. Mita za LUKU zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijaingiziwa umeme tangu kabla ya hapo itakataa tokeni mpya, yaani tarakimu unazopewa ukinunua umeme. Inabidi kwanza uingize tarakimu za kuboresha mita, makundi mawili, kila moja la tarakimu 20, kwa mpangilio uliotumwa, ndipo uingize kundi la umeme. Na ile rimoti ya LUKU ya ndani, toa betri zake kama haitumiki, zisije zikavuja.

Jenereta iwashwe mara moja kwa mwezi kwa robo saa au zaidi ikiwa inabeba mzigo, na petroli isikae ndani yake miezi. Gari liwashwe na lisogezwe kila wiki mbili, au betri ichomolewe kabisa kama mwenyewe harudi karibuni. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye koki yake.

Hatua ya 7: Pesa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye nyumba ya mtu aliye mbali msemo huo una maana ya kila siku.

Tenganisheni mafungu mawili tangu mwanzo: posho au mshahara wako, na pesa ya nyumba. Yasichanganyike hata siku moja. Njia rahisi ni laini ya simu ya pekee kwa ajili ya nyumba, iliyosajiliwa kwa jina lako, ambayo haipokei kitu kingine. Mwenye nyumba anatuma huko, wewe unalipa kutoka huko, na taarifa ya miamala inajieleza yenyewe. Makato ya kutuma na kutoa yaandikwe kama matumizi. Ni halali yako, na ukiyanyamazia utakuwa unayalipa mfukoni mwako mwaka mzima.

Daftari liwe na tarehe, kilichonunuliwa, kiasi, nani alipokea, na salio. Fundi asiye na risiti aandike jina, namba ya simu na sahihi kwenye daftari lenyewe. Risiti za mashine zinafutika, hasa kwa joto letu: karatasi inabaki nyeupe baada ya miezi michache. Ipige picha siku ile ile. Ujumbe wa tokeni za LUKU usiufute.

Kubalianeni kiwango ambacho unaweza kutumia bila kuuliza, kwa sababu bomba likipasuka saa nane usiku, Houston ni jioni na mwenyewe yuko kazini. Juu ya kiwango hicho, piga simu kwanza. Kazi kubwa, leta makadirio ya mafundi wawili, na picha kabla na baada. Fundi asilipwe yote kabla hajamaliza, hata akikuapia kwa mama yake.

Sasa niseme na mwenye nyumba kidogo. Kukaa bure si mshahara. Kijana anayelala kwenye nyumba yako, anayekata nyasi, anayekimbizana na mafundi na asiyeweza kusafiri kwenda msibani kwao bila ruhusa yako, anafanya kazi. Kama umemwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu: saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na siku 28 za likizo kwa mwaka. Kama ni ndugu na mmekubaliana kwamba malazi ni sehemu ya malipo, sawa, lakini muwe mmekubaliana kweli, na awe na siku zake za kuondoka na mtu wa kumshikia zamu. Nimeona nyumba nzuri zikitelekezwa usiku mmoja kwa sababu aliyeachiwa alichoka na hakuwa na pa kusemea.

Hatua ya 8: Ripoti ya mwezi

Chagueni siku moja na saa moja. Muscat wako mbele yetu saa moja tu. Uingereza wako nyuma saa mbili au tatu kutegemea msimu. Houston wako nyuma saa nane au tisa, kwa hiyo jioni yetu ndiyo asubuhi yao. Ujumbe uwe mfupi na wenye namba. Mfano wa mwangalizi na mama mwenye nyumba:

"Shikamoo mama. Ripoti ya mwezi huu. Mita ya maji inasoma 418, mwezi uliopita 416. Umeme zimebaki uniti 63. Mvua kubwa imenyesha mara mbili, doa la chumba cha wageni halijavuka mstari. Kitasa cha mlango wa jikoni kimelegea, fundi anataka elfu 25 pamoja na kitasa kipya, nasubiri neno lako. Ukurasa wa daftari na video vinafuata."

"Marahaba mwanangu, ahsante. Kitasa kitengenezwe. Na wewe hali yako?"

Video ya nyumba nzima, ya dakika tatu, kila mwezi kwa njia ile ile, kuanzia getini hadi uani. Ukiwa na video za mwaka mzima unaona mambo ambayo jicho la kila siku limeyazoea: ufa uliokua, ukuta unaobadilika rangi, mti unaokaribia waya.

Mkumbushe pia kodi ya pango la ardhi kila Julai, mwaka wa fedha wa serikali unapoanza. Ni jukumu lake, lakini aliye mbali husahau, na kutolipa ni kuvunja sharti la umiliki.

Hatua ya 9: Wanaogonga geti

Atakuja mtu na gari, ana jina la mwenye nyumba, ana jina la mtoto wake, anasema ametumwa achukue jenereta au friji. Msikilize kwa adabu ukiwa ndani ya geti. Hakitoki kitu bila mwenye nyumba kuonekana kwa video na kusema mwenyewe. Ujumbe wa maandishi haufai, akaunti za watu zinaibwa. Wekeni neno moja la siri mnalolijua ninyi wawili tu, lisiandikwe kwenye simu.

Madalali nao watapita. Atakayeleta "mteja wa kuangalia nyumba" asiingie. Wengi wameandika ukutani kwa rangi, NYUMBA HII HAIUZWI, na ingawa maandishi hayapendezi, yanasaidia kwa nyumba ya pembeni ambayo mwenyewe haonekani. Mwulize kwanza kabla hujapaka.

Ikibandikwa karatasi yoyote getini, au ukikuta alama ya X nyekundu ukutani, piga picha papo hapo, mpigie mwenye nyumba, na kesho yake asubuhi nenda serikali ya mtaa ukaulize. Notisi huwa na siku zake. Aliyeko ng'ambo akiipata wiki tatu baadaye, siku za kupinga au kujieleza zinaweza kuwa zimekwisha.

Jirani mmoja awe na funguo ya ziada ya geti tu, na namba ya mwenye nyumba. Funguo zako zisiwe na anwani wala jina la mtaa kwenye kishikizo. Namba ya nyumba na jina la barabara kwenye kibao cha anwani za makazi vikariri, utavihitaji siku ukipiga 114 kuita zimamoto.

Hatua ya 10: Wiki ya kurudi

Siku saba kabla, osha tangi na ulijaze upya. Fungulia kila bomba hadi maji ya kutu yaishe. Hita ya maji hakikisha imejaa kabla ya kuwasha swichi yake. Viyoyozi visafishwe vichujio. Friji iwashwe siku mbili kabla. Magodoro na mito juani, vyandarua vifuliwe, na kagua mishono ya magodoro kama kuna kunguni. Weka uniti za kutosha, maana wageni watajaa na viyoyozi vitawaka vyote kwa pamoja.

Mwache apumzike siku ya kwanza. Siku ya pili au ya tatu, fungueni ile video ya mwanzo na mtembee tena chumba kwa chumba. Someni mita. Pitieni daftari hadi salio la mwisho, mlihakikishe na laini ya simu ya nyumba, msaini wote wawili. Kama umekopa mfukoni mwako kwa ajili ya nyumba, ulipwe hapo hapo kabla hamjafunga daftari. Kama unaondoka, rudisha funguo zote kwa orodha, na omba barua inayosema uliitunza nyumba kuanzia tarehe gani hadi gani. Utaihitaji kwa nyumba inayofuata.